Kula nje Arusha: kwa mama lishe, Kwa Mrombo, Mtaa wa Msikiti au mgahawani?

Mtu akiniuliza akale wapi Arusha, namuuliza kwanza mambo matatu: unakula saa ngapi, uko na nani, na una haraka kiasi gani? Bei naiacha mwisho, kwa sababu katika mji huu bei haisemi mengi kuhusu ladha. Kwa shilingi 3,000 unaweza kula wali na maharage ukatamani kurudi kesho yake. Kwa shilingi 30,000, jirani kabisa na Mnara wa Saa, unaweza kuletewa kuku mkavu aliyepashwa moto mara mbili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Arusha inapika vizuri pale mpishi anapopika vitu vichache vinavyoisha siku hiyohiyo. Menyu ya kurasa nane yenye pizza, biriani, tambi za Kichina, mtori na baga ni menyu ya friji. Jiko la mbuzi tu, au la kuku tu, au la sufuria tano za mchana, halina mahali pa kuficha kiporo: kisipouzwa leo, mwenyewe ndiye anayekula hasara. Kanuni hii ina mipaka yake, na nitaionyesha tukifika huko.

Asubuhi: supu, mtori au chai

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inauma, na mtu wa Dar es Salaam aliyekuja na fulana moja atajuta. Kwa hiyo kifungua kinywa cha mji huu kina moto ndani yake.

Supu ya mbuzi au ya ng'ombe na chapati mbili ndiyo chaguo langu kwa mwenye siku ndefu. Iendee kabla ya saa tatu. Baada ya hapo sufuria imeshaongezwa maji, nyama nzuri imeshaondoka na kilichobaki ni mifupa na mafuta yanayoelea. Wapenzi wa makongoro na utumbo wana sufuria zao pembeni, nazo huisha mapema zaidi.

Mtori ni kitu kingine. Ndizi mbichi na nyama vinachemshwa hadi ndizi zinavurugika, vinapondwa, inapatikana supu nzito laini. Wachaga humpikia mama aliyejifungua, na hilo peke yake linakueleza kazi yake: unashibisha bila kulisumbua tumbo. Mgeni aliyefika usiku kwa basi la saa kumi na mbili, tumbo limekaa vibaya, mpe mtori. Supu ya pilipili asubuhi hiyo ni kumwonea.

Chai ya maziwa na maandazi au vitumbua inafaa kwa mwenye haraka, haina la kujadili. Na kama umelala nyumba ya wageni inayotoa kifungua kinywa, jua kwamba mara nyingi ni mkate, yai, soseji na kipande cha tikiti. Umeshalipia, kula siku ya kwanza. Siku ya pili toka nje.

Mchana: kwa mama lishe au kwenye bufee?

Hapa ndipo watu wengi wa mjini huchagua vibaya kwa sababu ya kuona haya. Wanapita vibanda vya akina mama karibu na Soko Kuu, Kilombero, au nyuma ya gereji za Unga Limited, wanaenda kuketi kwenye hoteli yenye vitambaa vya meza na feni. Halafu wanasubiri.

Mama lishe hakusubirishi. Sufuria ziko mbele yako na unaona kila kitu: wali, ugali, ndizi, makande, maharage, mchicha au mnafu, kabichi, nyama ya mchuzi, dagaa, pengine samaki wa kukaanga. Unamwamkia, “Shikamoo mama,” naye anajibu huku mwiko uko mkononi, “Marahaba mwanangu, nikuwekee nini?” Unasema wali, maharage, mnafu na kipande kimoja cha nyama. Sahani inakuja imejaa, na parachichi juu yake kama ni msimu. Yote hayo ni kati ya shilingi 2,000 na 4,000, kutegemea nyama na mtaa. Ukiomba kuongezewa mchuzi au mboga, wengi hawakutozi. Huo ukarimu haumo kwenye menyu yoyote iliyochapishwa.

Ubora wake unatokana na soko. Kilombero ni soko la jumla, mboga zinashuka alfajiri kutoka mashamba ya Meru na vijiji vya pembeni. Mama anayepika hatua chache kutoka hapo amenunua mnafu uliokatwa jana jioni au leo asubuhi. Hoteli kubwa ya mjini inanunua mara chache kwa wiki na kuweka kwenye ubaridi. Ladha ya mboga za majani inakuambia tofauti hiyo kabla hujamaliza tonge la tatu.

Lakini saa ni muhimu kuliko mahali. Fika kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Saa nane na nusu utapata ukoko, maharage yaliyokauka na mama anayeosha vyombo. Wakati huo bufee ndiyo inashinda, kwa sababu bado ina chakula, kina kifuniko, na una kiti cha kuegemea.

Kuhusu bufee nina la kusema zaidi. Zipo nyingi mjini, hasa maeneo ya ofisi na karibu na AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, na mtu hulipa mara moja akajipakulia. Ni nzuri kwa kikao cha watu kumi wenye matakwa kumi. Ni nzuri kwa anayetaka saladi, matunda na choo safi. Ubaya wake uko kwenye wali unaokaa juu ya moto mdogo masaa mawili, na samaki anayekauka akawa mgumu kama kamba ya kufungia mzigo. Ukilazimika, chukua vitu vya mchuzi: maharage, ndizi nyama, rosti. Vinavumilia kusubiri. Chipsi za bufee usiziguse.

Usafi ndio hofu ya wengi kuhusu vibanda, na ni hofu ya haki. Mimi huangalia vitu vitatu. Maji ya kunawa ni ya moto na yanamiminwa kutoka kwenye jagi au ndoo yenye bomba? Chakula kimefunikwa? Wateja ni wengi na wanarudi kila siku, mafundi, makondakta, wauza duka wa jirani? Kibanda kinacholisha mafundi wa gereji moja kila siku hakiwezi kuwaumiza matumbo kikaendelea kuwepo. Kisicho na mteja saa saba mchana, ondoka hata kama kimepakwa rangi nzuri.

Kama umebahatika kupata anayeuza loshoro, kula. Ni mahindi yaliyochemshwa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula cha Waarusha na Wameru, wenyeji wa ardhi hii. Kina uchachu mzuri na kinakaa tumboni hadi jioni. Mjini hakionekani kirahisi, na naumia kwamba mgeni anaweza kukaa Arusha wiki mbili akala tambi na pizza bila kulisikia hata jina lake.

Jioni: nyama choma, na kwa nini Kwa Mrombo

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Arusha imezungukwa na wafugaji. Mifugo inatoka Monduli, Longido na vijiji vya jirani, inauzwa minadani, inachinjwa, na jioni yake iko juu ya mkaa. Mbuzi wa hapa hajasafiri siku mbili kwenye lori. Ndiyo maana mji unaipika nyama kwa chumvi tu, na ndiyo maana nina mashaka na mchomaji anayeitumbukiza kwenye viungo vingi. Anaficha nini?

Kwa Mrombo, upande wa kusini wa mji, ndiko jina la nyama choma lilikojengeka. Bucha na majiko yamepangana, mbuzi wananing'inia, moshi unakupokea kabla hujashuka kwenye hiace. Utaratibu ni huu: unaingia buchani, unachagua sehemu, inapimwa mbele yako, unakubaliana bei, inapelekwa jikoni. Unaagiza ndizi za kuchoma au ugali, kachumbari na pilipili. Kisha unasubiri, dakika arobaini na tano hadi saa nzima. Anayekuletea nyama baada ya dakika kumi na tano amekuletea iliyokuwa imeshachomwa nusu, na utaijua kwa ukavu wake.

Mambo ya kujua kabla hujaagiza. Kilo inapimwa ikiwa mbichi na ina mfupa, kwa hiyo kilo moja ya mbuzi ni ya watu wawili wenye njaa au watatu wenye adabu. Bei huwa inacheza kati ya shilingi 15,000 na 20,000 kwa kilo, na inapanda sana mwezi wa Desemba. Mbavu zina mafuta na zinakauka vizuri juu ya moto, paja lina nyama nyingi lakini linahitaji mchomaji mwenye subira. Uliza bila aibu: “Kaka, huyu kachinjwa leo?” Mwenye bucha mzuri haudhiki, anakuonyesha.

Ukiwa na watu wanne au zaidi, gawanya: nusu ichomwe, nusu ichemshwe. Mchemsho na ndizi, viazi na karoti unakuja na mchuzi wake, na ni ukombozi kwa mzee ambaye meno hayana nguvu ya kupambana na ubavu uliokauka. Ukimpeleka baba mkwe Kwa Mrombo ukaagiza choma tupu, utamwona anatafuna kwa heshima huku anaumia.

Dhidi ya Kwa Mrombo iko baa ya mtaani kwako, Sakina, Njiro, Kijenge, Mianzini, popote. Kila moja ina jiko. Faida yake ni ukaribu: unarudi nyumbani kwa miguu au kwa bajaji ya bei ndogo. Hasara yake ni mzunguko. Bucha za Kwa Mrombo zinauza mbuzi wengi kwa siku, baa ya mtaani inaweza kuuza paja moja Jumanne nzima. Kwa hiyo siku za kazi nenda Kwa Mrombo au kula kitu kingine, Ijumaa na Jumamosi baa ya mtaani inakuwa sawa kwa sababu watu wanaisukuma nyama itoke.

Kuna kitu kimoja ambacho hakijali ubora wa nyama: kelele. Siku ya Simba na Yanga, baa zote za mji huu ni uwanja wa mpira. Kama una mazungumzo ya maana na mtu, ya posa, ya mkopo au ya msiba, angalia ratiba ya ligi kabla hujachagua siku.

Na koti. Viti vingi viko nje, na baada ya saa mbili usiku baridi ya Julai inapita kwenye plastiki. Mwezi wa tatu hadi wa tano ni masika, chagua jiko lenye paa la kweli na njia isiyo ya tope.

Mtaa wa Msikiti dhidi ya Kwa Mrombo

Katikati ya mji, Mtaa wa Msikiti, kuna jiko linaloitwa Khan's. Mchana ni duka la vipuri vya magari. Jioni meza zinapangwa barabarani, mkaa unawashwa, na kuku, mishkaki na nyama nyingine zinachomwa kwa viungo vya Kihindi, zinaliwa na mikate ya naan na saladi za aina nyingi ambazo unajipakulia. Wageni wa nje wamelijua kwa miaka mingi, na wenyeji hawajaliacha. Jiko la kitalii tupu hupoteza wenyeji haraka.

Ukiweka hivi viwili pamoja, tofauti si ya ubora, ni ya kazi. Kwa Mrombo unaenda kukaa. Mtaa wa Msikiti unaenda kula. Kuku anakuja upesi, una saladi za kutosha, umeshiba ndani ya saa moja, na uko umbali mfupi kutoka katikati ya mji. Kwa mtu aliyeingia jioni na anaamka saa kumi na moja kwenda Ngorongoro, hakuna haja ya kumpeleka Kwa Mrombo. Kwa marafiki ambao hamjaonana tangu mmalize chuo, saa moja ya Mtaa wa Msikiti haitoshi hata kumaliza salamu.

Kwa familia ya Kiislamu jibu ni rahisi zaidi. Mtaa huo hauna wasiwasi wa uhalali. Kwenye baa zenye nyama choma huwa kuna jiko la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, pembeni, na swali la kuuliza ni kama wavu na kisu ni vilevile. Majiko mengine yametenganisha kabisa, mengine yanasema tu. Usimpeleke mtu kwa kubahatisha katika jambo la imani yake, mpeleke mahali ambapo hahitaji kuuliza.

Chipsi mayai nazitaja kwa kuwa ndizo zinazouzwa kila kona na ndizo zinazowaokoa wengi usiku. Kama muuzaji anakaanga viazi upya ukiwa umesimama hapo, sawa. Kama viko kwenye kabati la kioo tangu saa kumi jioni, nenda kona inayofuata. Ziko nyingi.

Migahawa yenye menyu: wapi kanuni yangu inapungua nguvu

Arusha ina migahawa mingi ya vyakula vya nchi za nje kuliko miji mingi ya ukubwa wake nchini, na sababu zake zinajulikana. Watalii wa Serengeti, Ngorongoro na Tarangire hulala hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha kuanzia 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ikaleta mawakili, wakalimani na walinzi kutoka kila bara. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulisainiwa hapa mwaka 1999, ina makao makuu yake hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia mwaka 2007. Watu wote hawa walitaka kula chakula wanachokijua, na wapishi wakafuata.

Matokeo yake ni kwamba chakula cha Kiethiopia cha Arusha ni kizuri kwelikweli. Nakitetea mbele ya mtu yeyote. Injera inatandazwa kwenye sinia, mchuzi wa kuku, dengu na mboga vinawekwa juu, na wote mnakula kwa mkono kutoka chombo kimoja. Mtanzania haoni ugeni hapo, ndivyo tulivyolelewa kula pilau la sherehe. Uchachu wa injera unaweza kumshtua mtu mara ya kwanza, hasa wazee, kwa hiyo mwambie mapema. Kwa asiyekula nyama, uliza vyakula vya mfungo: Waorthodoksi wa Ethiopia hawali nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, na mpishi wao anajua kupika dengu kwa namna itakayokufanya usahau kwamba hakuna nyama.

Migahawa ya Kihindi nayo ina nafasi kubwa kwa wala mboga. Mji una jamii ya Wahindi ya miaka mingi, na jiko lao la mboga limekomaa. Mgeni wako akiwa hali nyama kabisa, kwa mama lishe atapata wali, maharage na mchicha, na siku ya tatu atachoka. Kwa Wahindi hachoki.

Halafu kuna mikahawa ya watalii, ya kuzunguka Mnara wa Saa, Barabara ya Boma, Goliondoi na ile yenye bustani pembezoni mwa mji. Hii naipima kwa mizani tofauti. Unalipia kiti, intaneti, choo safi, utulivu na kahawa. Kahawa hasa. Ni aibu kwamba katika mkoa unaolima kahawa aina ya arabika, hoteli nyingi za kawaida zinakuwekea maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. Kwenye mikahawa hiyo unapata kahawa iliyosagwa siku hiyo. Mbadala wake mzuri ni muuza kahawa wa mtaani mwenye birika, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata, kwa sarafu tu.

Chakula chenyewe kwenye mikahawa hii kinabadilika kutoka jiko hadi jiko. Sahani moja kubwa ni kati ya shilingi 20,000 na 35,000, na huwa natafuta kwenye menyu kitu ambacho kila meza inakila. Mhudumu mkweli atakuambia ukimuuliza, “Dada, leo watu wameagiza nini zaidi?” Ndicho kilichopikwa leo. Nyama choma ya mkahawa wa watalii usiiagize. Unalipa mara mbili kwa kitu ambacho Kwa Mrombo wanakifanya vizuri zaidi wakiwa wamesimama kwenye moshi.

Jambo la fedha. Tangu 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani. Ukipewa menyu ya dola, omba bei ya shilingi, na uliza kama kodi imeshaingia. Kwa mama lishe na kwenye majiko ya mtaani beba noti ndogo, ingawa wengi sasa wana lipa namba kwenye kibao.

Mgeni gani, wapi

Wazazi kutoka kijijini: mchana, mahali penye mchemsho, kimya na kiti chenye mgongo. Wengi wao hawafurahii kula gizani, na hawafurahii kuona mtoto wao analipa bei ya mbuzi mzima kwa sahani moja. Mkahawa wa watalii unawanyima raha hata kama hawasemi.

Watoto: bustani yenye nyasi inashinda kila kitu. Maeneo ya Njiro yana sehemu za namna hiyo, na huko kulipia sahani ghali kidogo ni sawa kwa sababu unanunua saa mbili za watoto kukimbia bila magari. Kwa Mrombo na watoto inawezekana Jumapili mchana, jioni hapana.

Mtu unayemtaka akufahamu, yaani mmeanza kuchumbiana: Kiethiopia. Mnakula sinia moja, mnaongea, hakuna runinga ya mpira. Mtaa wa Msikiti ni wa mara ya pili, mkishazoeana kuchafuka mikono mbele ya mwenzako.

Bosi au mteja: bufee ya hoteli kubwa mchana, au mkahawa wenye utulivu. Mhudumu akichelewa, mna la kuongea. Hapa kanuni yangu ya vyakula vichache haina kazi, kwa sababu huendi kwa ajili ya chakula.

Mtalii aliyebaki na siku moja: mtori asubuhi, mama lishe saa saba kamili, Mtaa wa Msikiti jioni. Atakuwa amekula Arusha yote kwa chini ya bei ya sahani mbili za mkahawani, na akikuuliza kwa nini mwongoza safari hakumpeleka huko, mjibu kwa upole kwamba gari la watalii halina pa kuegesha Kilombero.

Au mchukue Moshi?

Ni kama kilomita 80, saa mbili hivi kwa basi, na kuna sababu moja ya kweli ya kwenda kula: ndizi. Machalari, kiburu, mtori, ndizi nyama, vyote vinapikwa Moshi na watu waliozaliwa navyo, na tofauti inaonekana. Moshi iko chini zaidi, ina joto, na jioni unaweza kuketi nje bila koti. Kahawa pia inatolewa kwa heshima yake, mji huo ndio makao ya bodi ya kahawa na ya KNCU, chama cha ushirika cha mwaka 1933, ambacho kina mkahawa wake hapo mjini. Kwa nyama ya kuchoma na kwa wingi wa chakula cha nje, Arusha inaongoza. Kwa ndizi, na kwa utulivu wa kula, nenda Moshi. Usiende wiki ya Krismasi kama hujapanga: Wachaga wa nchi nzima wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa na mbuzi hawashikiki bei.

Jambo la mwisho ni la makundi. Ukiwa na watu zaidi ya kumi, usitokee Kwa Mrombo saa moja jioni ukitegemea jiko litawapokea. Pita asubuhi au mtume mtu, mchague mbuzi, mkubaliane kilo, idadi ya ndizi na saa ya kufika, utume nusu ya fedha kwa simu. Mwambie mchomaji aweke moto nusu saa kabla hamjafika, na mfike kweli saa hiyo.